Kaniki Ndani ya Kioo

Siku jumba la makumbusho lilipofungua chumba cha mavazi ya kale, Mwatumu alikwenda na mama mkwe wake. Walitazama majoho ya tarizi, kisha wakafika penye kabati la kioo lenye kaniki iliyochakaa. Kibao kilisema: Vazi la mtumwa.

Kando ya kabati alisimama mama yake Mwatumu, ambaye ndiye aliyelipa jumba ile nguo.

“Mwanangu!” aliita kwa furaha. “Njoo uione nguo ya bibi yetu.”

Mama mkwe akageuka. “Unamfahamu?”

Mwatumu aliolewa akijinasibu kuwa wa ukoo wa mamwinyi, na ukweni hawakuwahi kumwona mama yake. Aliinamisha uso. “Hapana, mama.”

Mama yake alimtazama kidogo, akashusha macho.

“Samahani, bibie,” alisema taratibu. “Nimekufananisha.”

Kisha akawageukia wageni, akaendelea kuwasimulia habari za ile kaniki. Mama mkwe akamshika Mwatumu mkono waende kutazama vilemba. Mwatumu alipiga hatua chache, akasimama. Hakuthubutu kuinua uso.

“Mama,” aliita.

Wanawake wote wawili wakageuka.