Nyusi za Konga

Muuza chapati, Mganda, alifia ndani ya kibanda chake kilipochomwa moto pale mtaani Hai Malakal. Kesho yake, kwenye foleni ya maji, Mama Konga alisema bila haya, “Hawa Waganda huchomana wenyewe kwa wivu.”

Aliporudi nyumbani ndipo akamtazama vizuri mwanawe, Konga. Nyusi zake zote zilikuwa zimeungua.

Akamshika kidevu, akaanza kumchorea nyusi mpya kwa wanja wake wa kwendea kanisani.

“Mama, yule Mganda alituita wavivu.”

“Nyamaza. Usikunje uso.”

Hodi ikapigwa. Alikuwa mjane wa muuza chapati.

“Dada, polisi wamemkamata shemeji yangu, ati ndiye aliyechoma kwa wivu. Twende ukamtetee. Wewe ni mwenyeji, watakusikiliza.”

Mama Konga akaficha vidole vyeusi ndani ya kitenge.

“Nakuja, dada yangu.”