Mpira wa Mshikio

Mti ulioangushwa na upepo ulikuwa umeziba njia ya zahanati, na msumeno wa mashine wa Nyamizi haukutaka kutulia. Aliachia kibonyezo cha mafuta, lakini injini ilizidi kuvuma na mnyororo kuzunguka. Akauzima.

"Mwachie mumeo, mama," mtu akasema, wenzake wakacheka.

Mumewe, Kaseko, alikuwa amekaa pembeni, mkono wa kulia uliovunjika umefungwa plasta. "Msumeno ni wake sasa," akawajibu.

Nyamizi aliukagua polepole. Jana Kaseko aliuviringishia mshikio mpira wa baiskeli, kwa mkono mmoja na meno, ili usimchubue mkewe. Joto la injini lilikuwa limeulegeza, ukateleza na kukibana kibonyezo.

"Nitaukata huu mpira, baba Sungwa," akamwambia mumewe.

"Kata."

Akaukata kwa kisu, akavuta kamba. Injini ikawaka. Alibonyeza, akaachia. Sauti ikashuka, ikawa mngurumo wa chini, na mnyororo ukasimama tuli. Waliocheka wakasogea kumpisha.

Aliuweka msumeno chini ukinguruma, akauzungusha ule mpira kwenye kiganja chake usimchubue mshikio, akaupiga fundo, akamnyooshea Kaseko mkono. Kaseko akainama, akalikaza fundo kwa meno.