Mfadhili wa Mchwa

"Andika zawadi," Profesa wa mchwa aliagiza, akiisukuma barua juu ya meza.

Bi Masharti hakuandika. Wahadhiri walimbandika jina hilo kwa sababu kazi yake pale chuo kikuu ilikuwa kuzipanga fedha za nje: zisizodai chochote ni zawadi, zinazodai ripoti ni ruzuku, zinazonunua kitu ni mkataba. Kwa bahati ya ajabu, kila mhadhiri alipata zawadi tu. Zawadi hazikaguliwi.

"Mfadhili anataka nini, Profesa?"

"Hataki kitu. Ameona kipaji."

Profesa alikuwa na unyenyekevu wa jogoo. Huu ulikuwa mwaka wa nne mfadhili asiyejitaja jina anamlipia utafiti wa vichuguu, na kila mwaka idara nzima ilihubiriwa jinsi wenye macho wanavyoitambua akili.

Bi Masharti alisoma hadi mwisho. "Hapa wanasema ukae kambini miezi kumi bila kurudi mjini. Hata sikukuu."

"Ndiyo sayansi hiyo."

"Ripoti hawaitaki, matokeo hawayataki, ila unapolala wanapajali. Hilo ni sharti, Profesa."

"Basi wapigie wakufundishe kazi," alisema Profesa, akaenda zake kunywa chai.

Bi Masharti alinusa ufisadi. Mtu mzima hafichwi porini bure. Hapa palikuwa na fedha chafu, na mwaka huu angemnasa mtu. Akapiga namba iliyokuwa chini kabisa ya barua, mahali ambapo macho ya Profesa, kwa wingi wa shughuli, hayakuwahi kufika.

Alipokea mama mmoja mwenye sauti ya upole. Nyuma yake vilinguruma vyerehani vingi, kama vya karakana ya kushona sare. Akasikiliza somo zima la zawadi, ruzuku na mkataba bila kukatiza.

"Nimekuelewa, mwanangu. Andika mkataba."

"Mkataba lazima uwe na kitu unachonunua, mama."

Mlango ulisikika ukifungwa. Ngurumo ikafifia.

"Miaka thelathini na moja nasimuliwa mchwa, tangu tunaamka mpaka tunalala," alisema mke wa Profesa. "Nanunua kimya. Na miezi kumi na miwili, mwanangu, mnauza kiasi gani?"