Jiko Lililozimwa

Kijana akihama kutoka chuo cha kata kwenda chuo kikuu kusomea shahada ya mazingira, jiko la kwao huzimwa mpaka ahitimu, nyumba yake isitoe moshi. Kila mtu anajua hivyo. Mimi pia nilijua nilipoomba nafasi, na mama aliniambia niombe tu.

Fundi wa chuo kikuu alikuja asubuhi. Alimwaga zege juu ya mafiga, akabandika kipima moshi ukutani, akanipongeza. Chakula cha makopo kingeletwa na chuo kila wiki.

"Miaka mitatu si mingi," mama alisema, akizisukuma sufuria zake uvunguni mwa kitanda.

Mchana aliingia jirani yetu, Bi Mwanakombo, kajitanda kanga, mkononi ana bakuli la wali wa moto. Huku kwetu nyumba isiyowasha moto ni nyumba iliyofiwa, na majirani ndio huipikia.

"Shikamoo, bibi. Hakuna aliyefariki," nilimwambia. "Nimepata chuo kikuu."

"Marahaba. Najua, mjukuu wangu. Hongera."

Akaweka bakuli chini, akakaa mkekani, akamshika mama mkono.

Wengine walifuata. Mlangoni waliniambia hongera, na walipofika ndani wakamwambia mama pole. Nilingoja awasahihishe. Badala yake alitandika mkeka wa pili.

Nikasogea ili nikae karibu naye. Akanizuia kwa kiganja, taratibu.

"Wewe nenda chumbani, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye tunayekulilia."