Ongeza Ishirini

Siku hizi roboti wa mazoezi hamsikilizi mgonjwa, maana kila mgonjwa husema amechoka. Humsikiliza mke wa mgonjwa tu. Kwa miaka thelathini Mzee Kilongola alimpiga mkewe Sikudhani bila kujali kilio chake, mpaka kiharusi kilipomlaza mzee. Sasa roboti alikuwa akimkunja goti.

“Mke wangu, mwambie aache, nakufa!”

“Hufi, baba Chausiku. Kaza meno.” Akamgeukia roboti. “Ongeza ishirini.”

Akaendelea kuchambua mchele, moyo mweupe.

Mwezi wa tatu mzee alisimama peke yake. Roboti akatoa taarifa kwamba mgonjwa amepona, na wenye roboti wakaja kumchukua roboti wao. Mzee akatembea hadi mlangoni, akatia komeo, akageuka.

“Mama Chausiku,” akaita kwa upole, “njoo uone nguvu ulizonipa.”