Maji ya Magome

Siku mumewe alipokufa kiwandani, mtaa wa Jeppestown, Thérèse aliacha kuimba. Wanakwaya wenzake wakimuuliza, alionyesha koo kwa kidole.

Mganga wa Kichina alimpa magome makavu ya kuondoa huzuni. Akawa anayachemsha na kunywa. Jumapili moja kanisani sauti ikamtoka yenyewe, nzima. Nyumbani alijilaumu: amemsahau mumewe mapema hivi? Kisha akajituliza kwamba si yeye, ni dawa iliyoimba.

Jirani yake Mkenya alifanya kazi kwenye maabara inayotafuta ni kitu gani ndani ya mitishamba ya Kichina kinachoondoa sonona. Akachukua chupa ya maji yale akayapime.

"Mama Thérèse," alisema aliporudi, "hicho kitu kimo kwenye magome, lakini maji hayakitoi. Sisi tunakitoa kwa spiriti. Wewe umekunywa harufu tu."

Thérèse alishika koo. Lilikuwa na joto, na mshipa ulidunda chini ya vidole.

"Eish, ndugu. Basi nipe hiyo ya spiriti."

"Hiyo bado tunawapa panya."

"Na panya wanaimba?"

Jirani alicheka. Thérèse alikuwa anauliza kweli.

Jumapili hii kwaya imemweka aongoze wimbo, na hana tena dawa ya kusingizia.