Kanga ya Mwanamvua

Kila nyumba ina bomba darini. Moyo wa mtu ukizidiwa na huzuni, bomba hupuliza mafuta ya maganda ya machungwa, na mtu hutulia hapo hapo. Kuliziba ni kosa, hata msibani.

Saumu aliificha kanga ya binti yake, marehemu Mwanamvua, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Hakuifua. Ilikuwa bado na harufu ya udi aliojifukizia Mwanamvua, na ya jasho lake la shingoni. Kila alipomkumbuka aliifungua ndoo, akaiweka kanga usoni. Machozi yakimlenga tu, bomba lilianza.

"Usiifungue tena, Mama Mwanamvua," mumewe Shekue alimwambia. "Kila ukilia, bomba linaipulizia."

"Nisipoifungua, mwanangu nitamnusa wapi?"

Shekue akamwachia ndoo yake.

Siku ya Idi Saumu aliifungua ndoo, akaitoa kanga. Akanusa pindo, akanusa katikati, akaigeuza. Machungwa matupu. Akamtazama mumewe, midomo ikimtetemeka, na bomba likapuliza.

"Inanukia vizuri," akasema taratibu, akiikunja. "Kesho nitaifua."

Shekue alitaka kumzuia, lakini naye alikuwa ameshatulia.